Shahada ya Mama Wolfgang

Siku ya kwanza Rogathe Akonaay alipoingia ukumbi wa mihadhara, wanafunzi wa safu mbili za mbele walisimama wakamwamkia.

"Shikamoo, Dokta."

Alikuwa amevaa gauni la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani, na mkononi amebeba daftari kubwa la kurasa mia mbili. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na saba. Aliitikia marahaba, kwa sababu kule alikotoka shikamoo haiachwi hewani, kisha badala ya kwenda mbele kwenye meza ya mwalimu akatafuta kiti kilicho wazi katika safu ya tatu, akaketi. Kicheko kikaanzia nyuma, kikateremka safu kwa safu mpaka kikamfikia, na yeye mwenyewe akacheka nao hadi machozi yakamtoka. Tangu asubuhi hiyo, darasa zima la mwaka wa kwanza la Usimamizi wa Biashara na Ujasiriamali lilimwita Mama.

Nyumbani kwake Gitting, wilayani Hanang, aliitwa Mama Wolfgang, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Huko ni mahali pa baridi. Asubuhi ya Julai unaamka unaona pumzi yako mwenyewe, na mlima unakuwa umejifunika ukungu mpaka saa nne. Baba yake, mzee Akonaay, alilima ngano na maharage, na Rogathe alikuwa mtoto wake wa nne kati ya wanane. Alimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumpeleka popote. Akiwa na miaka kumi na tisa akashuka Katesh kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia ghala la nafaka la mama mmoja mjane aliyeitwa Mwanaamina, ambaye mji mzima ulimfahamu kama Mama Zubery.

Mama Zubery alikuwa mfanyabiashara kutoka familia ya wafanyabiashara. Babu yake alitoka Kondoa na bidhaa mgongoni mwa punda, akaweka duka, na tangu hapo ukoo haukuondoka. Yeye alijikita kwenye maharage. Wakulima wa Gitting, wa Bassotu, hata wa ng'ambo huko Maretadu wilaya ya Mbulu walimletea magunia yao, na malori ya Arusha na Dar es Salaam yakaja kuyachukua. Watu walimsifu kwa jambo moja: shehena yake haikuwahi kurudishwa. Alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kiwiko, akatoa punje chache, akaing'ata moja, akaidondosha nyingine sakafuni akasikiliza mlio wake, halafu akasema ndiyo au hapana. Kabla ya hapo lakini ilikuwa lazima asalimiane na mwenye mzigo, na salamu zake zilikuwa ndefu mno. Watoto hawajambo, wanalala wapi siku hizi, mama mkwe anaendeleaje, lile paa mlimalizia. Madereva wa malori walikuwa wakisonya pembeni wakitazama saa zao.

Miaka minne ya kwanza Rogathe hakuruhusiwa kushika bambo, ule mrija wa chuma wa kuchomeka kwenye gunia kutolea punje za katikati. Alifagia, akashona midomo ya magunia, akatazama. Mwaka wa tano Mama Zubery alimkabidhi bambo, na kuanzia siku hiyo wakafanya kazi bega kwa bega. Katika miaka hiyo Rogathe aliolewa na Yoakimu, mkulima wa viazi wa Gitting, wakapata watoto watatu, na kila mtoto Mama Zubery ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda mlima kuja kumwona, akiwa na khanga mpya na kopo la samli.

Basi siku moja alikuja mnunuzi wa kampuni moja kubwa, kijana mstaarabu, akiwa anatafuta mtu wa kumpelekea maharage msimu mzima. Alitazama ghala, akapenda. Alimwona Mama Zubery akikataa magunia ishirini ambayo kwa macho yalikuwa safi kabisa, akapenda zaidi. Akasema, "Mama, nipe vigezo vyako kwa maandishi nikawaonyeshe wakubwa wangu. Unakataa nini, unakubali nini, na kwa nini."

Mama Zubery aliunyanyua mkono wake wa kulia. "Vigezo ndivyo hivi."

Yule kijana alitabasamu kwa heshima, akaaga, na msimu huo akanunua kwa mtu mwingine, mji mwingine.

Jioni hiyo wakati wa kufunga Mama Zubery aliketi juu ya gunia. "Roga," alisema, "kazi hii mimi naijua, ila siwezi kuieleza. Nikiondoka, itaondoka na mimi. Nenda shule ukajifunze maneno yake."

"Mama, mimi ni mtu mzima. Nina watoto watatu."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Mtoto angesahau njiani alichotumwa."

Rogathe alifikisha habari hiyo nyumbani akiwa na hofu kidogo, akitarajia mumewe atacheka. Yoakimu alikuwa anachagua mbegu za viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda. Viazi nitalima mimi. Hata ukiwepo wewe huwa hulimi, unazungumza na wanunuzi tu."

Ilimchukua miaka sita kufika mlango wa chuo kikuu. Alirudia mtihani wa kidato cha nne akiwa ameketi katikati ya wasichana waliokuwa bado wanabebwa mgongoni yeye alipoufanya mara ya kwanza. Akasoma astashahada, kisha stashahada, huko Babati, siku za katikati ya juma akiwa darasani na mwisho wa juma akiwa ghalani Katesh. Alipopokelewa chuo kikuu Dodoma, wanawake wa usharika wake walimfungia mzigo wa safari: unga, maharage, blanketi zito ambalo Dodoma halikuwa na kazi, na Biblia ndogo. Mama Zubery alimpa mkeka wake wa kuswalia uliochakaa. "Huu ukae chumbani kwako," alimwambia. "Ukichoka, keti hapo upumzike. Mimi nimepumzikia hapo miaka arobaini." Rogathe aliutandika kando ya kitanda chake cha hosteli, na ukakaa hapo miaka yote mitatu.

Kicheko cha siku ya kwanza kilipokwisha, kazi ikaanza, nayo ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri. Masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Rogathe alikuwa na Kiiraqw cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, na vyote viwili alivitumia vizuri, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea maelekezo kwenye chupa ya dawa ya mifugo. Mhadhiri alipokuwa anafika sentensi ya tatu, yeye alikuwa bado anahangaika na ya kwanza. Jaribio la kwanza la kanuni za usimamizi lilipotoka, alikuwa amepata alama kumi na moja kati ya arobaini.

Alitoka nje ya ukumbi akaenda kukaa nyuma ya maktaba, mahali penye kivuli cha ukuta, akaanza kupanga kichwani namna atakavyowaambia watu wa Gitting. Alikuwa amefikia pale ambapo angemwambia Yoakimu, ndipo msichana mmoja wa darasa lake alipopita akasimama.

"Shikamoo Mama. Mbona umejitenga?"

"Marahaba, mwanangu. Nimepata kumi na moja."

Yule msichana aliketi kando yake. Jina lake Violeth, miaka ishirini na moja, mtoto wa mkulima wa Maretadu. "Mimi nimepata thelathini na moja," alisema, "ila nikwambie ukweli Mama, sijaelewa hata kitu kimoja. Nimekariri tu. Lile swali la gharama ya fursa, nimeandika maelezo yote kama yalivyo kwenye kitabu, lakini mtu akiniuliza ni kitu gani, sijui."

"Swali lilikuwa linauliza nini?"

Violeth alimtafsiria. Rogathe akalifikiri kidogo. "Kwenu mna shamba lililo karibu na nyumba?"

"Lipo."

"Mwaka huu baba amepanda nini?"

"Mahindi."

"Angeweza kupanda maharage?"

"Angeweza."

"Basi yale maharage ambayo hakuyapanda, ndiyo mahindi yalivyomgharimu. Hata kama mbegu ya mahindi alipewa bure."

Violeth akafungua daftari lake akaandika. Rogathe akaendelea kumuuliza habari za Maretadu, na bila kufikiri akamwambia, "Kwenu mnapigia maharage juu ya udongo mtupu, sivyo? Maharage yenu ni matamu lakini yana vijiwe." Violeth akacheka akakiri kwamba ni kweli, na kwamba mama yake alishavunjika jino kwa sababu hiyohiyo.

Kuanzia siku ile wakawekeana ahadi. Violeth alimfungulia Rogathe Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na Rogathe alimfungulia Violeth biashara. Walikutana kila siku saa kumi jioni kwenye benchi lililokuwa karibu na mgahawa. Baada ya mwezi wenzao wawili walijiunga, baada ya muhula wakawa tisa, na wengine walikuja tu kumsikiliza Mama akieleza mambo ya ushindani wa soko kwa mifano ya akina mama wauza nyanya wa mnada wa Katesh. Mwisho wa mwaka wa kwanza Rogathe alifaulu masomo yote. Hakuna hata moja alilopata A, na hakuna hata moja alilorudia. Alimpigia simu Mama Zubery, na sauti ya upande wa pili ikasema, "Alhamdulillahi. Sasa rudi darasani."

Mwisho wa mwaka wa pili, wanafunzi wote walitakiwa kwenda wiki nane kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wao waliyaita fildi. Wengi walitafuta nafasi katika mabenki na ofisi. Rogathe alikuwa amepata nafasi ofisi moja nzuri Babati, yenye meza yake na kiti cha kuzunguka. Siku tatu kabla ya kuanza, Hadiya alimpigia simu. Hadiya alikuwa kitinda mimba wa Mama Zubery, binti wa miaka ishirini na sita aliyekuwa na kibanda cha kushona nguo pale Katesh.

"Dada Roga," alisema, "mama ameanguka. Ni kiharusi. Ametoka hospitali jana, lakini mkono wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri. Ghala nimelishika mimi, na nimeshakosea. Nimenunua mzigo umefika Arusha umeota ukungu, umerudishwa wote. Kaka Zubery anasema tufunge, mama ahamie kwake Dar."

Rogathe alikwenda moja kwa moja kwa mratibu wa fildi kuomba abadilishiwe kituo. Mratibu alimwuliza hilo ghala lina idara ngapi. Rogathe alisema halina idara, lina milango miwili. Akaambiwa haiwezekani. Akiwa anatoka alikutana na Dokta Yonas, mhadhiri aliyewafundisha ujasiriamali, mzee mfupi aliyependa kutembea na chupa ya chai. Dokta Yonas alimsikiliza pale pale koridoni, akaichukua fomu yake ya fildi, akaisaini kama msimamizi wake, na hiyo ikatosha kumbadilishia kituo.

"Usiniletee ripoti ya kuniambia ulifika saa mbili ukaondoka saa kumi," alimwambia. "Niandikie kilichomo ndani ya ghala hilo ambacho hakimo katika vitabu vyangu."

Rogathe alifika Katesh akamkuta Mama Zubery ameketi barazani juu ya mkeka mpya, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alimwamkia akampigia magoti. Mama Zubery alifungua mdomo kujibu, na kilichotoka ni neno "mwiko." Akatikisa kichwa kwa uchungu, akajaribu tena, likatoka "ndoo." Akili ilikuwa palepale, macho yalikuwa palepale, lakini neno alilolitaka lilikuwa linakimbia na lingine linakuja mahali pake. Rogathe akamshika ule mkono uliolala.

Kesho yake asubuhi, baada ya dawa na uji, Rogathe alipanga masinia sita pale barazani, kila sinia likiwa na maharage ya mzigo tofauti. Hadiya aliketi upande mmoja, yeye upande mwingine na daftari lake. Wakakubaliana ishara: kidole juu ni ndiyo, kufumba macho ni hapana. Mama Zubery akaanza kuchagua kwa mkono wa kushoto. Aling'ata, akadondosha, akanusa. Rogathe alikisia kwa sauti. "Hii imekauka juu, ndani bado." Kidole. "Hii imechanganywa mavuno ya mwaka jana." Kidole. "Hii umeikataa kwa sababu ya rangi." Macho yakafumba, na kwa uvumilivu mkubwa yule mama akaipeleka punje puani mwa Rogathe ili ainuse mwenyewe. Ilikuwa na harufu ya moshi kwa mbali, harufu ambayo Rogathe katika miaka yake yote ya ghalani alikuwa ameizoea mpaka hakuisikia tena.

Siku zilikwenda hivyo. Daftari lilijaa, na Hadiya akaanza kujua. Lakini kulikuwa na jambo moja lililowatatiza. Kila mkulima alipofika na magunia, Mama Zubery alihangaika kusema kitu kilekile. "Watoto... lala..." alisema, akitokwa na jasho kwa juhudi, "watoto... lala wapi?"

"Mama, wajukuu zako wako Dar kwa kaka," Hadiya alikuwa akimjibu. "Hawajambo, wanalala vizuri." Na kila alipojibiwa hivyo, Mama Zubery alifumba macho akageuza uso.

Siku ya kumi na mbili alikuja Marieta, jirani wa Rogathe kule Gitting, na magunia mawili ya maharage ya njano. Rogathe alichomeka bambo, punje zikatoka nzuri, ngumu, zenye kung'aa. Hadiya akawa tayari kuyapokea. Mama Zubery akasema tena, "Watoto... lala wapi?"

"Mama, nimekwambia wajukuu..."

Mama Zubery alipiga mkeka kwa kiganja cha kushoto, akamnyooshea Marieta kidole. Marieta aliona haya, lakini mtu mzima akikuuliza lazima umjibu. Akasema kwa adabu, "Wale wakubwa wanalala kile chumba cha pembeni siku hizi, mama. Wamekua, hawawezi tena kulala na sisi."

Kalamu ya Rogathe ikasimama. Nyumba ya Marieta alikuwa anaijua. Kile chumba cha pembeni ndicho kilichokuwa stoo ya mavuno.

"Sasa maharage mnayaweka wapi, Marieta?" aliuliza taratibu.

"Gunia moja jikoni, juu ya kichanja. Hili jingine lilikosa nafasi, tukaliegemeza nje ukutani, tukalifunika turubai."

Rogathe alilaza lile gunia la pili, akachomeka bambo upande wa chini kabisa, pale palipokuwa pamegusana na ardhi. Punje zilizotoka zilikuwa zimevimba, na mbili zilikuwa zimeanza kuota. Alimtazama Mama Zubery. Kidole cha kushoto kilikuwa kimesimama juu, na machozi yalikuwa yanamtiririka yule mama kwa kuona kwamba hatimaye ameeleweka.

Rogathe aliweka daftari chini. Miaka yote ile, zile salamu ndefu zilizowaudhi madereva, yeye alizichukulia kuwa ni tabia njema tu ya mama wa watu. Sasa zilimrudia moja moja. Paa mlimalizia? Maana yake, mvua ya juzi iliyakuta maharage mahali pakavu au hapana. Mama mkwe anaendeleaje? Mama mkwe akiwa mgonjwa, hakuna wa kukaa nyumbani mchana kuyaanika na kuyageuza. Watoto wanalala wapi? Watoto wakihamishiwa stoo, mavuno yamehamia nje. Kabla mkono haujaingia kwenye gunia, Mama Zubery alikuwa tayari anajua maharage yalilala wapi kwa miezi miwili. Na hakuwa anawalaghai watu. Aliwajali kweli, alikumbuka kila paa na kila mama mkwe, na ndani ya kule kujali ndimo ulimokuwa ujuzi wake wote.

Marieta hakurudishwa na mzigo wake. Walimtandikia turubai uani, yaliyoota yakatolewa, mengine yakaanikwa siku tatu, akalala kwa Hadiya, na siku ya nne yakapimwa na kupokelewa. Alipokuwa anaondoka alimwuliza Rogathe kama kweli hayo ndiyo wanayofundishwa chuo kikuu. Rogathe alimwambia bado, ila karibu.

Wiki nane zilipokwisha, ukutani mwa ghala palikuwa pamebandikwa karatasi moja ya Kiswahili chepesi: maswali ya kumwuliza mwenye mzigo, mahali pa kuchomeka bambo, harufu za kukataa, na nini cha kufanya ili mtu asirudi na mzigo wake bure. Mizigo yote iliyofuata msimu huo ilipokelewa huko ilikokwenda. Mwisho wa Agosti Zubery alikuja kutoka Dar kumchukua mama yake. Alimkuta ameketi mlangoni mwa ghala, Hadiya akiwa amezamisha mkono hadi kiwiko ndani ya gunia. Alisimama akasoma ile karatasi ukutani tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akaisoma mara ya pili, akavua kofia yake. "Yaani mama alikuwa anafanya yote haya," alisema. Alikaa siku nne, akaondoka peke yake.

Mwaka wa tatu Rogathe aliyageuza madaftari ya barazani kuwa utafiti wake wa kumalizia shahada. Kuuandika kwa Kiingereza kulimtesa. Violeth alisoma kila sura akarekebisha sarufi, na Dokta Yonas alirudisha rasimu mara nne, kila ukurasa una wino mwekundu. Siku ya kuutetea mbele ya jopo, mwalimu mmoja alimwuliza kwa ukali kidogo hili ghala moja la Katesh linaufundisha nini ulimwengu wa usimamizi. Rogathe akajibu polepole, kwa Kiingereza kisicho na pambo, kwamba biashara nyingi za akina mama hazifi kwa kukosa ujuzi, zinakufa kwa sababu ujuzi haukuandikwa popote na wenyewe hawakuwahi kuambiwa kwamba ni ujuzi. Kisha akaeleza kisa cha chumba cha pembeni cha Marieta. Yule mwalimu aliandika kitu kwenye karatasi yake. Walimpa B ya juu na kumtaka aongeze marejeo.

Siku ya mahafali Yoakimu alikuja na watoto wote watatu, amevaa koti alilofungia ndoa. Mama Zubery hakuweza kusafiri. Kwa hiyo Rogathe hakupitiliza Gitting. Alishukia Katesh akiwa na kitabu chake kilichojalidiwa kwa gamba la kijani, akaketi barazani, akaanza kumsomea, akitafsiri kwa Kiswahili kadiri alivyosoma.

Alianza na ukurasa wa shukrani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Yoakimu aliyelima viazi na kulea, akamshukuru Violeth, akamshukuru Dokta Yonas. Halafu akasoma, "Na mwalimu wangu wa kwanza wa somo hili, Bi Mwanaamina wa Katesh, ambaye kila ukurasa ulio na maana humu ni wake." Hadiya alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama Zubery hakulia. Alisikiliza sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, uso umetulia kama anayesikiliza habari za mtu mwingine anayemfahamu kwa mbali. Kwenye sura ya nne alimzuia kwa mkono. Rogathe alikuwa ameandika kwamba maharage ya Maretadu huanikwa siku mbili. Mama Zubery akanyanyua vidole vitatu. Rogathe akatoa kalamu, akasahihisha pembeni.

Mwisho wa kusoma, jua lilikuwa limeshakaa upande wa pili wa baraza. Maneno ya Mama Zubery yalikuwa yamerejea kiasi, ingawa bado yalikuja kwa kudonoa. Aliliweka lile gamba la kijani mapajani, akalipapasa.

"Mimi," alisema, "sikujua... kama najua."

Rogathe aliinama, akauweka mkono wa kulia wa yule mama juu ya kichwa chake mwenyewe, ule mkono usioweza tena kunyanyuka peke yake, akakaa nao hapo.

Sasa ghala lina majina mawili kwenye leseni, la Hadiya na la Rogathe. Violeth alirudi Maretadu badala ya kutafuta ofisi, akawakusanya akina mama wa kijiji chao, akiwemo yule mwenye jino lililovunjika, na msimu huu walipigia maharage yao yote juu ya maturubai. Rogathe ndiye anayekwenda kuyapokea. Anaondoka alfajiri kwa gari la mizigo, anafika umande bado uko kwenye majani, na kabla ya kufungua gunia hata moja anaketi na kila mwenye mzigo, anamuuliza habari za nyumbani, na hana haraka. Juzi alimaliza kabla ya saa nane, akalisindikiza lori mpaka barabara kuu, halafu akatafuta usafiri wa kumpandisha Gitting mapema. Yoakimu alikuwa amempigia simu kwamba ng'ombe wao anakaribia kuzaa, na ni yule mkali, asiyekubali kushikwa na mtu mwingine isipokuwa Rogathe.